Mjomba Mbele ya Okestra

Sijapata kuona watu wazima wakibeba vyombo kwa upole namna ile. Okestra ilishuka Ilongero kwa basi la kukodi, na kila fidla ilikuwa na sanduku lake lenye kitambaa laini ndani. Mjomba wangu, mpiga ngoma waliyemfuata, alikuwa analala kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotoboka. Ilikuwa enzi ya ruksa. Mitumba ruksa, soda za kopo ruksa, na sasa hata muziki wa kusikilizwa kwa kukaa kimya ulikuwa ruksa, mradi apatikane mfadhili.

Mjomba alikuwa amepunguzwa kazini. Shirika la umma lililokuwa na kikundi cha ngoma liliuzwa, na mwenye mali mpya alitaka mashine za kukamua alizeti, si wapiga ngoma. Ndipo akatokea yule mtaalamu, Mtanzania mwenzetu aliyekwenda kusoma muziki Ulaya akarudi na skafu ya sufu shingoni katika jua la Singida. Alikuwa ametunga kitu alichokiita konseti: mpiga ngoma mmoja mbele, okestra nzima nyuma yake. Wafadhili wakiridhika, mjomba angeajiriwa kufundisha ngoma kwenye chuo chake Dar. Mtama ulikuwa umekauka shambani na watoto wake walikuwa wanasoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alitukumbusha, na kweli aliinama.

Mazoezi niliyachukia. Mtaalamu alikataza moto wa kukaza ngozi usiwashwe karibu na wanamuziki wake, eti moshi unaharibu fidla. Mjomba akawa anabeba ngoma zake hadi nyuma ya vyoo vya shule, anazipasha moto wa nyasi, anarudi nazo mbio kabla hazijapoa. Kila alichoambiwa aliitikia "Ndiyo, mwalimu," kwa mtu mdogo kwake kiumri, aliyestahili yeye kumwamkia mjomba shikamoo.

Fahari ya mtaalamu ilikuwa sehemu ya pili. Hapo ngoma inanyamaza kabisa, fidla zinalia zenyewe kwa muda mrefu, na mpiga ngoma anakaa akihesabu mapigo kichwani mpaka aonyeshwe kidole.

"Mkono wako usiguse ngozi," alimwambia. "Ukimya wako nao ni muziki."

Mtu yeyote wa kwetu angemweleza upumbavu wa jambo hilo. Kwetu hakuna anayesimama kutangaza kwamba shughuli imekwisha. Ngoma kubwa ikinyamaza, watu hujikung'uta vumbi wakaenda kula. Mjomba alilijua hilo tangu ananyonya, lakini aliitikia tu, "Ndiyo, mwalimu."

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Wafadhili walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, sisi kwenye vigoda tulivyotoka navyo nyumbani. Sehemu ya kwanza mjomba alipiga mpaka bibi mmoja aliyekuja na fimbo akaiweka chini akacheza. Okestra ilimkimbilia nyuma kama ndama. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Kisha ngoma ikanyamaza.

Watu wakasubiri kidogo, kwa adabu, halafu wakasimama. Mama akachukua kigoda chake, wanawake wa kwaya wakamfuata, na uwanja mzima ukaanza kutoka. Walikuwa wanamsifu mjomba kwa sauti na kuulizana chakula kinapakuliwa wapi. Mtaalamu alikuwa amefumba macho, anatikisa kijiti chake, wala hakuona kitu. Mjomba aliona. Pigo moja tu lingewarudisha wote. Nilibaki nimemkazia macho, namwambia kimoyomoyo: piga. Akakaa vilevile, mikono magotini, midomo ikimcheza. Sijawahi kumdharau mtu wa damu yangu kama nilivyomdharau yeye pale.

Alipoanza tena kupiga, walikuwa wamebaki wafadhili, mbwa na mimi. Wafadhili walipiga makofi sana. Kazi akapewa palepale.

Jioni alikuja kwetu kuaga. Mama alimwekea ugali wa mtama na mlenda, lakini hakumpongeza.

"Mdogo wangu," alisema, "ulituona tunaondoka?"

"Niliwaona, dada."

"Mbona hukutuita?"

Mjomba alinawa mikono taratibu, akaukata ugali.

"Nilikuwa nahesabu."