Kahindo na kuta zinazotoka jasho

BUNIA, Oktoba 1984. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Kahindo anapiga magoti mbele ya ukuta kama mtu anayetaka kumvua mtoto kofia bila kumwamsha. Kwa ukucha wa kidole gumba anabandua pembe ya kipande cha plastiki alichokibandika jana jioni kwa uji wa muhogo. Plastiki inaachia polepole. Nyuma yake kuna matone ya maji, madogo madogo, kama jasho juu ya mdomo wa mtoto anayenyonya.

"Angalia, Papa Katsuva," anasema. "Ukuta yako iko natoka jasho."

Katsuva, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi katika mtaa wa Nyakasanza, amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Anayatazama matone, kisha anayatazama makopo sita yaliyopangwa konani. Ni rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, ile inayong'aa. Aliinunua ng'ambo ya mpaka, akaipitisha Mahagi, akakaa nayo siku mbili juu ya lori akiikumbatia ili isipinduke.

"Ni umande tu, Mama Mbambu," anasema, akimwita Kahindo kwa jina la bintiye. "Mvua ilinyesha. Weye upake tu, ile rangi njo itazuia maji."

"Itaizuia, ndiyo," anajibu Kahindo. "Itaizuia ndani."

Hiki si chumba cha hivi hivi. Véronique, mke wa Katsuva, ana mimba ya miezi minane, na ni mimba ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa. Baada ya wiki tatu au nne, mtoto atalazwa hapa, kitanda kikiwa kimeegemea ukuta huu huu. Shemeji yake Katsuva atakuja kutoka Mahagi kumtazama mtoto, na sebule ya shemeji huyo inang'aa kama sahani. Katsuva hataki kupitwa.

Kahindo naye anajua hesabu yake. Akikataa, kazi itakwenda kwa Sébastien, fundi rangi wa mtaa wa pili, ambaye humaliza chumba kwa siku mbili bila kuuliza swali. Akikubali, mtoto aliyesubiriwa miaka sita ataanza maisha yake akipumua kando ya ukuta uliozibwa mdomo. Asubuhi hii hana cha kumtetea mtoto huyo ila kipande cha plastiki, na matone yake yameitwa umande.

Ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa katika milima ya Lubero, akahamia Bunia mwaka 1969 akimfuata mumewe, Paluku, dereva wa lori. Kwao, kusiliba nyumba ni kazi ya wanawake. Kabla ya Noeli, kina mama hushuka bondeni na vikapu, hurudi na udongo mweupe, huuponda, huuchuja, kisha huupaka ukutani kwa kiganja, wakiimba. Burashi na makopo yalikuwa mambo ya wanaume, na ya malipo.

"Kwetu, mwanamuke anapakaa nyumba yake, hakuna mutu anamulipa," anasema. "Siku nilishika burashi, watu walicheka. Walisema Mama Mbambu amekuwa bwana."

Burashi aliishika mwaka 1976. Lori la Paluku lilivunjika ekseli njiani, na mume akakwama miezi minne akisubiri chuma. Mke wa mwalimu mmoja alimwona Kahindo akisiliba ukuta wake wa nje, akamwomba ampakie rangi jikoni. Jiko likazaa sebule, sebule ikazaa nyumba ya jirani. Leo hulipwa zaire mia tatu kwa chumba, na katika miezi ya mvua hupata vyumba viwili kwa mwezi, vitatu Mungu akipenda.

Lakini elimu yake haikutoka kwa udongo wa Lubero peke yake. Ilitoka pia kwa kosa, na kosa lenyewe bado liko nyumbani kwake.

Mwaka 1975, alipokuwa na mimba ya binti yake wa tatu, Mbambu, Paluku alirudi safarini na makopo mawili ya rangi ya mafuta, ya kijani. Nyumba yao ni ya matofali mabichi, kama nyumba nyingi za mtaa. Walipaka chumba kizima usiku na mchana, wakicheka, mwanamke na tumbo lake, mwanamume na burashi yake.

"Iling'ara," anakumbuka Kahindo. "Majirani walikuwa wanakuja kujiangalia kama kwa kioo. Mama mumoja alikuja kusukia nywele pale."

Mvua za Machi zilipokuja, ukuta ulianza kuvimba. Tofali bichi hunywa maji kutoka chini, kutoka ardhini, kisha huyatoa taratibu kwa hewa. Ukuta wa Kahindo ulikunywa lakini haukuwa na pa kutolea. Mbambu, aliyekuwa na miezi mitatu, alianza kukohoa. Alikohoa mwezi mzima. Kahindo alimpeleka zahanati mara nne. Mara ya nne muuguzi, mwanamke mtu mzima, hakumpa dawa kwanza. Alimuuliza mtoto analala wapi.

"Nilirudi nyumba, nikagusa godoro upande wa ukuta. Ilikuwa maji. Mutoto wangu alikuwa analala mu maji, na miye nilikuwa najisifu ukuta inang'ara."

Alikihamisha kitanda siku hiyo hiyo. Kikohozi kilipungua, kisha kikaisha. Tangu hapo Kahindo hapaki ukuta kabla ya kuupima, na wateja wanaojua humwacha apime. Anakwaruza kwa kisu aone kilicho chini. Anabandika plastiki jioni. Anaweka kiganja, anakaa kimya, kama anayesikiliza homa.

Ukuta wa matofali mabichi huupa chokaa, iliyolowekwa siku nyingi, yenye chumvi kidogo na uji wa muhogo ili ishike, tabaka tatu, nyembamba kama maziwa. Wa matofali ya kuchoma uliopigwa sementi huupa rangi ya maji, lakini hataki kuuona kabla sementi haijapumzika mwezi mzima. "Sementi mupya inakula rangi," huwaambia wenye haraka. Na rangi ya mafuta? Haichukii hata kidogo. Ni ya mbao na chuma, na ya ile sehemu ya chini ya jiko la sementi ambako mchuzi hurukia na watoto huegemeza mikono yao.

Makopo mengi hufika Bunia yakiwa na maandishi asiyoyaelewa, mengine bila maandishi yoyote. Kahindo huchovya kijiti, hutia tone katikati ya vidole viwili, husugua, kisha huosha kwa maji. Likitoka, ni rangi ya maji. Likikataa mpaka petroli, ni ya mafuta. Hajawahi kukosea tangu aanze.

Asubuhi hii kwa Katsuva, wakati wakibishana, Sébastien anapita barabarani na ngazi begani. Anachungulia dirishani.

"Mama Mbambu, bado unachunga plastiki? Miye nimemaliza nyumba mbili wiki hii."

"Umemaliza ao umeanza?" Kahindo anamjibu bila kugeuka. "Ile nyumba ya mtaa wa Bankoko ulimaliza Juni. Nasikia walikuita tena Septemba."

Véronique, aliyeketi juu ya mkeka akishika kiuno, anacheka mpaka anashika tumbo. Hata Katsuva anatabasamu ndani ya kikombe. Hapo ndipo Kahindo anapotoa ombi lake. Atapaka miraba miwili, bega kwa bega, mahali kichwa cha kitanda kitakapokuwa: mmoja wa rangi ya mafuta ya Katsuva, mmoja wa chokaa yake. Baada ya siku nane watatazama pamoja.

"Mafuta ikisimama, umuite Sébastien, sitasema kitu," anasema. "Ikikataa, unaniachia chumba, na hautasimama tena pale mulangoni na chai yako."

Katsuva anautazama ukuta, anamtazama mkewe, anakubali.

Ilinyesha siku sita kati ya nane. Siku ya nane Kahindo alifika asubuhi, akamkuta Katsuva amemtangulia chumbani, uso umemchangamka. Mraba wa rangi ya mafuta ulikuwa mzuri. Ulikuwa umekauka, laini, unang'aa hata katika mwanga ule hafifu. Mraba wa chokaa kando yake ulionekana wa kimaskini, mweupe butu, kama sahani ya udongo mbele ya sahani ya kauri.

"Unaona sasa?" alisema Katsuva. "Inang'ara."

Baadaye Kahindo alikiri kwamba alidhani ameshindwa. "Nilijiambia, leo narudi kwetu na ndoo yangu."

"Tia kidole, Papa," alimwambia. "Pole pole. Pale chini."

Katsuva aliweka kidole gumba. Ukuta ulibonyea, laini kama utosi wa mtoto mchanga. Alibonyeza tena kidogo. Ngozi ile nyeupe ilipasuka, maji yakateremka kama uzi mpaka sakafuni, na kipande cha rangi kikadondoka na udongo wake nyuma, mbichi, mweusi, unaonuka ukungu.

Véronique aliinuka mkekani, akasogea na tumbo lake, akaweka shavu juu ya mraba wa chokaa.

"Huku iko mukavu," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Mutoto analala huku."

Katsuva alijifuta kidole kwenye suruali. "Na makopo yangu sita?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyesafiri nayo juu ya lori.

Kahindo jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Milango minne, madirisha matano, na jiko la nje ambalo ni la sementi: hapo ndipo makopo manne yangeng'aa miaka kumi, na wageni huugusa mlango kabla hawajauona ukuta. Makopo mawili yangebaki.

"Hayo uchukue weye," alisema Katsuva, tayari anatoka. Hakusimama tena mlangoni.

Chumba kilimchukua siku tano, kwa sababu ya mvua. Mtoto alizaliwa siku kumi baadaye, msichana, mzima, na sasa analala chali chini ya ukuta ule mweupe butu, mikono yote miwili juu. Shemeji wa Mahagi alikuja. Alipitisha kiganja kwenye mlango, akausifu. Chumbani alivuta pumzi na kuuliza mbona hakuna harufu ya ukungu.

Kahindo sasa ana wateja watatu wanaomngoja, mmoja akiwa jirani ya Katsuva, na wote wameambiwa walete subira pamoja na rangi. Ila Januari, jua likishika, hatachukua kazi ya mtu. Atakwangua ukuta wake mwenyewe.

Maana ule wa kijani upo bado. Kila mvua unavimba, kila kiangazi anauziba. Paluku humuuliza kwa nini fundi wa nyumba za watu analala katika nyumba kama hiyo, naye huzunguka na maneno. Ukweli ni kwamba kando ya mlango, juu ya rangi ile ya kijani, amechora kwa msumari urefu wa watoto wake wote wanne, mwaka kwa mwaka. Akikwangua rangi, anawakwangua nao.

Jibu lilimjia siku alipobeba makopo mawili ya Katsuva kichwani kurudi nyumbani. Ameshamwomba seremala mlango mpya, mbao nzima, uliopigwa randa. Ataupaka rangi ya mafuta, kisha achore upya juu yake urefu wa watoto. Mbao haitoi jasho.

"Ile rangi haikukosa kitu," anasema. "Siye tuliitia mahali haiko yake."

Vipimo ameshavichukua kwa kamba ya katani, fundo kwa kila alama, na kamba ameikunja ndani ya kopo la burashi. Mbambu, ambaye sasa ana miaka tisa na hakohoi, ndiye aliyeishika upande wa chini wakati mama yake akifunga. Fundo lake la kwanza liko chini kabisa, usawa wa paja la mtu mzima: mwaka aliosimama kwa mara ya kwanza.