Ngoma Ilipohamia Upande wa Wanaume

Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo kuliko sufuria ya wali wa watu wawili, lakini ndani yake zilikaa bendi arobaini, na hapo bado sijatia chumvi. Hakikuwa na vibonyezo vya kinanda hata kimoja, ndiyo maana nusu ya kwaya yetu ya Makwale walidhani ni redio iliyokatwa. Kazi yake ilikuwa kutoa sauti tu. Unakiunga kwa waya kwenye kinanda, ukibonyeza kinanda, kisanduku ndicho kinachoimba. Kinanda cha kanisa kilikuwa na vibonyezo vizima ila sauti yake ilishazeeka ikawa ya mbu, kwa hiyo wawili hao walifaana.

Tulikipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kyela mjini, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Ndugu wa mkewe alikuwa amekivusha kutoka Malawi, kikakaa dukani katikati ya mabati na magodoro. Alituachia tukijaribu.

"Siku ya mavuno ikipita na mkakipenda, kikae," aliniambia. "Msipokipenda, Jumatatu nirudishie, dada yangu, wala sitanuna."

Mwalimu wa kwaya, mzee mwembamba mwenye masikio ya popo, akaongeza sharti lake. Kisanduku kikitia aibu mbele ya wazee wa kanisa, kitarudi mjini, na mimi nitarudi kwenye kayamba. Nilikuwa nimepiga kayamba miaka kumi na moja. Mkono wangu wa kulia ulishakuwa mnene kuliko wa kushoto.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene kama Biblia ya madhabahuni, Kiingereza mwanzo mwisho. Nani akisome? Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, mwenye cheti ukutani juu ya kabati la vyombo. Nilikisoma nikiwa nimevaa hedifoni, maharage yakiungua mara tatu. Nikagundua kwamba kila chombo kina mstari wake kwenye kioo: sauti kubwa au ndogo, mwangwi kiasi gani, na kitufe cha kuzungusha kinachoamua chombo kisikike kushoto au kulia.

Jamani, nililewa. Mwangwi niliurefusha hadi nikigusa kibonyezo asubuhi, sauti inakwisha nikimenya ndizi za mchana. Kulikuwa na efekti ya kuongeza watu, tarumbeta moja likawa ukoo mzima. Halafu kile kitufe cha kushoto na kulia. Nikapeleka ngoma zote sikio la kushoto, besi na matarumbeta sikio la kulia, nikakaa katikati kama bibi harusi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kwaya haikukisikia kabla ya siku yenyewe. Spika mbili kubwa ziliazimwa nyumba ya wageni Matema, zikafika Jumapili asubuhi juu ya magunia. Moja ikawekwa kushoto, wanakokaa wanawake, nyingine kulia, wanakokaa wanaume, nami katikati mbele na kinanda changu. Hapo sikuwaza lolote. Mtu aliyefaulu masomo ya jioni hawazi, anajua.

Mvua ya Kyela ikaanza kupiga bati, ile ambayo ukipiga kelele unajisikia mwenyewe tu. Ukafika wimbo wa kupeleka mavuno. Nikabonyeza.

Upande wa wanawake uliinuka kama umepikwa kwa baruti. Mpunga kichwani, vikapu vya kakao, jogoo kwapani, nyonga zinakwenda. Upande wa wanaume, kimya. Walikaa na mikungu yao ya ndizi magotini kama watu wanaosubiri daktari wa meno.

Mwalimu wa kwaya akanijia kwa hatua ndefu. "Mama, wazee wamegoma?"

"Sijui, mwalimu. Labda wamechoka."

Akaenda kulia, akainamisha sikio lake la popo kwenye spika, akarudi na uso wa Jumatatu. "Kule kuna matarumbeta na kitu kinachokoroma. Ngoma umeificha wapi?"

Moyo ukanidondokea kwenye kandambili. Sikio langu la kushoto lilikuwa wanawake wote wa Makwale, na la kulia wanaume wote, na kwa mvua ile hakuna aliyesikia spika ya mwenzake. Nikaiona kayamba inanifungulia mlango. Nikazungusha kitufe cha ngoma nikitafuta katikati, nikapitiliza hadi mwisho wa kulia.

Wanaume wakasimama wote kwa pamoja. Mikungu ikapaa mabegani. Mzee mmoja mwenye fimbo aliisahau fimbo. Lakini wanawake wakagandia njiani, mguu mmoja juu, na bibi wa mbele, mwenye debe la mchele kichwani, akanigeukia.

"Gwe, mwanangu, wametuibia ngoma hao. Turudishie."

Nikairudisha. Akacheza hatua nne, wanaume wakaganda, wakaanza kulalamika. Nikawapelekea. Basi ikawa hivyo: ngoma inavuka kanisa, inarudi, upande ulioipata unasonga, ulioikosa unasubiri umeinua mguu, na watu wakaanza kucheka hadi mchele ukamwagika. Walipofika mbele ya madhabahu niliituliza ngoma katikati kabisa, pande zote zikaipata kwa pamoja, na hata mvua sikuisikia tena.

Baada ya ibada wazee wa kanisa walikaa kikao kukiamua kisanduku, nami nikasimama mlangoni nikiuaga mkono wangu wa kushoto, ambao kayamba haina kazi nao. Bibi wa debe, naye mzee wa kanisa, akatoka wa kwanza. "Ndaga fijo," akanishukuru, akapita. Nikajua kisanduku kimebaki.

Jumatatu nilikwenda mjini mikono mitupu. Mfanyabiashara akaniangalia mikono, akacheka.

"Kimewafaa?"

"Kimewainua wazee wa Makwale kwenye viti."

"Mimi nimekaa nacho dukani mwaka mzima, hakijainua hata godoro," akasema.

Niliporudi kanisani nikamkuta mwalimu wa kwaya amekiinamia kisanduku, plasta ya vidonda mkononi. Amekiweka kitufe cha ngoma katikati na kukifunga, plasta mbili, msalaba.

"Kitufe hiki ni cha kuzungushwa siku ya mavuno tu," akasema.

Jumapili iliyofuata, bibi wa debe alikuja kunisalimia kabla ya ibada, akaitazama plasta, akakohoa, akaukwangua ukingo wake kwa ukucha.