Malkia Aliyemkana Bibi Yake

Mwanangu Kabula, hebu vua kwanza hilo taji uketi. Tangu uliponiambia kwaya imekuchagua uwe malkia, moyo wangu haujatulia, na si kwa furaha.

Mchezo huo naujua. Wayahudi wametekwa na kupelekwa mbali, hadi Uajemi, na binti mmoja wao anaolewa na mfalme huku akificha kabila lake. Waziri anapanga kuwaua ndugu zake wote. Kuingia kwa mfalme bila kuitwa ni kifo, lakini binti anaingia na kujitaja kuwa mmoja wao. Hata mimi niliwahi kuwa huyo malkia, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuruhusiwa na Bariadi ikajaa malori. Mfalme wangu alikuwa baba yako. Ndiyo, cheka! Alikuwa mwembamba, joho linaburuzika chini. Tulikuwa wachumba, na babu yako alikuwa mmoja wa hao wanunuzi. Nyumba yao ilikuwa na geti na mlinzi, mimi nikaiona kama ikulu.

Kwao niliwaambia sina ndugu. Uongo mtupu. Nililelewa na bibi yangu kule Bukundi, Meatu. Alipika maisha yake yote kwa mabua na samadi kavu, moshi ukamharibia macho yakawa mekundu, na unajua kwetu kikongwe mwenye macho hayo huitwa mchawi. Nilipoondoka aliniambia, "Huko mjini usinitaje, wasije wakakukataa." Nikamtii upesi mno. Upesi mno, mwanangu!

Tulicheza uwanjani, nje ya kanisa, mchana wa Jumapili. Watu walipiga vigelegele nilipomwokoa kila Myahudi. Mara nikasikia sauti nyuma yao: "Ng'wanawane!" Mwanangu. Alikuwa bibi, miguu imejaa vumbi, kitambaa kimemlegea kichwani. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtoto wa jirani alikuwa amefariki Bukundi, wakamsingizia uchawi na kumchomea nyumba. Alikuwa ametembea kwa miguu siku kadhaa kunitafuta mimi.

Watu wakayaona macho yake, wakarudi nyuma. Walinzi wa mtaa wakaja. Enzi zile mgeni asiye na mwenyeji hakuachwa alale mjini; lazima mtu asimame aseme, huyu ni wangu. Mkuu wao, tuliyemwita ntemi, alimwuliza bibi mwenyeji wake ni nani. Bibi akanitazama mimi. Babu yako naye akanigeukia.

"Binti, unamfahamu huyu mama?"

Nilikuwa bado na taji kichwani. Sentensi moja tu ilitakiwa, na nilikuwa nimetoka kuisema mchezoni kwa sauti kubwa mbele ya watu haohao. Nikaliona lile geti, nikaiona harusi yangu ikivunjika.

"Simfahamu, baba."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Msimsumbue mtoto wa watu," akasema. "Nimemfananisha tu. Macho yangu hayaoni vizuri."

Wakamsindikiza hadi mwisho wa mji jua likiwa bado juu, wakamwonyesha njia ya kurudi alikotoka. Hakufika. Wachunga ng'ombe walimkuta porini, upande wa Meatu, na hata kuzikwa alizikwa na wageni. Ee Mungu wangu. Mimi wiki hiyo nilikuwa napimwa gauni la harusi.

Alikuwa anaitwa Kabula. Ulipozaliwa, baba yako aliniuliza jina hilo nimelitoa wapi. Nikamwambia nimelipenda tu. Nilimkana mara ya pili, na wewe ukiwa mapajani mwangu.

Sikukatazi kucheza, mwanangu. Ila sikia: mbele ya watu wanaokushangilia, kila mtu ni jasiri. Ujasiri wako utaujua siku mtu wako atakapokuja ametiwa matope, nawe una kitu kizuri mkononi ambacho hutaki kikuponyoke. Siku hiyo usifikiri, sema kabla hujafikiri. Mimi nilifikiri. Na atakayekukataa kwa sababu ya ndugu yako, mwache aende zake, hata kama ana geti.

Baba yako akirudi kutoka shambani nitamwambia yote. Nawe ukae hapahapa usikie, maana nikiwa peke yangu nitaogopa tena.

Mungu akupe mdomo ambao mama yako hakuwa nao. Na ukizeeka, macho yakawa mekundu kama ya bibi, asikosekane mtu wa kusimama mbele za watu aseme: huyu ni wangu.