Bobini Mbili za Upande Mmoja

Gitaa letu halikuwa na kichwa. Hivyo ndivyo watu wa mtaa wetu wa Kolwezi walivyolijua: lile lisilo na kichwa, la wale wawili. Mwenzangu alikuwa fundi mbao kiwandani, akichonga mifano ambayo watu wa tanuri waliizungushia mchanga kabla ya kumimina chuma. Mimi nilisuka upya mota zilizoungua. Alinizidi miaka, nikamwita yaya, yaani kaka mkubwa, naye akaniita mudogo. Wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa mbali wa Kasai kufanya kazi mgodini, lakini yeye alizaliwa hapa, na Kasai, ambako Kiswahili si lugha yao, hakuwahi kufika.

Kichwa alikiondoa baada ya gitaa la kwanza kuanguka kanisani na kukatika shingo. Alisema kichwa cha gitaa ni kama kofia ya chifu, hakina kazi ila kuonekana. Kazi ya kukaza nyuzi akaihamishia chini, kwenye boliti alizozitengeneza mwenyewe. Mwili aliupanga kwa tabaka, mbao ngumu nyekundu ya mulombwa nje, mbao nyepesi za masanduku ya mashine ndani, na katikati akaacha vyumba vitupu. Ukilibeba ulihisi umebeba kuku aliyekwisha kunyonyolewa.

Sehemu yangu ilikuwa mikro, yaani sumaku na bobini za waya wa shaba zinazokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza. Nyuma ya nyumba zetu ilipita laini kubwa ya umeme wa mgodi, na kila gitaa la umeme mtaani lilinguruma kama kinu cha mahindi. Nikawaza kuweka bobini mbili badala ya moja, zilizosukwa kwa kupingana, na sumaku zake zikipingana pia. Ngurumo ya nje ikiingia kwenye zote mbili inajiua yenyewe, sauti ya uzi inabaki. Siku ya kwanza tulipoliwasha, yaya alidhani ampli, ile mashine ya kukuza sauti, imeharibika kwa jinsi palivyokuwa kimya. Kisha akagusa uzi mmoja.

Kusuka kwetu kulikuwa hivi. Tulikuwa na ekseli iliyolala juu ya meza, yenye mkono wa kuzungushia kila upande. Tulikaa tukitazamana. Bobini ya kwanza niliizungusha mimi, kwa mkono wa kulia, yeye akiongoza waya. Ya pili aliizungusha yeye, kwa mkono wake wa kulia, nami nikaongoza. Kwa kuwa tulitazamana, ya kwangu ilikwenda huku na ya kwake kule. Hatukuwahi kuweka alama yoyote. Alama ilikuwa viti vyetu.

Halafu mgodi ukaanza kuporomoka. Mota zililetwa zimeungua, hazikurudi kazini. Watu wakubwa wakaanza kuhutubia, na majirani zetu wa Kasai wakaitwa wadudu, waliokula vyetu. Sielewi hadi leo maneno yale yaliingiaje vichwani mwetu haraka namna ile. Nilikwenda uwanjani na wengine. Hotuba siikumbuki. Nakumbuka kwamba nilipiga makofi, na kwamba nyumba ya yaya ilitazamana na uwanja. Kesho yake alinisalimu kama kawaida, akaniuliza habari za mke wangu. Sijui kama aliniona.

Vijana wa zile hotuba walipokuja nyumbani kwake waling'oa mlango kwanza, ule aliouchonga mwenyewe. Akaenda stesheni na mke na watoto, kungoja treni ya Kasai chini ya turubai pamoja na umati ambao sikujua kwamba mji wetu ulikuwa nao. Gitaa la mwisho lilikuwa kwangu, limekamilika isipokuwa mikro. Nilimfuata pale stesheni, nikauliza kama watoto wamekula.

"Malizia ile gitaa," akasema. "Shemeji yangu iko na orkestra kule. Ananiambia, leta moja, ipigwe mbele ya batu, kazi utapata. Mi kule sijue mutu, mudogo. Ile gitaa njo itasema pa nafasi yangu." Yaani gitaa ndilo lingemsemea.

Mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, akasema, "Isikuje kusema Kiswahili tu. Batatucheka." Yaya akacheka. Mimi nilishindwa.

Nilisuka bobini zote mbili mchana uleule, peke yangu, nikizungusha kwa mkono mmoja na kuongoza waya kwa mwingine. Nilikaa kwenye kiti changu. Umeme mtaani ulikuwa umekatika, sikuweza kujaribu. Nilizifunga jinsi tulivyozifunga siku zote, nikafungua boliti za shingo, nikatia vipande kwenye gunia la mahindi ili vijana wa njiani wasiulize, nikarudi stesheni.

Yaya alipapasa shingo ndani ya gunia, hakuitoa.

"Umeijaribu?"

"Ndiyo, yaya. Inaimba."

Kwa nini nilidanganya? Nafikiri nilitaka awe na kitu kimoja kisichokuwa na mashaka. Au nilitaka kuondoka upesi kabla hajaniuliza habari za uwanja. Yote mawili yanafanana nami. Treni ilipokuja, ya mabehewa ya mizigo, sikuwepo.

Baadaye kwaya ya parokia iliomba gitaa. Nilisuka tena peke yangu, na safari hii umeme ulikuwepo. Ampli ikanguruma mara mbili ya kinu, na nyuzi zikanong'ona kwa mbali kama mtu aliyezibwa mdomo. Nilibadilisha sumaku, nilibadilisha waya, nilikuwa kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Mwisho nikaona upande wa pili wa meza. Mkono wa ekseli wa upande wa yaya ulikuwa umefungwa na utando wa buibui.

Bobini zote mbili zilikuwa za upande wangu, zimezungushwa njia moja. Niligeuza nyaya mbili za bobini moja, kazi ya dakika chache, na gitaa likaimba. Kumbe gitaa lililokwenda Kasai lilinguruma mbele ya shemeji na orkestra yake. Yaya alijua mbao, nyaya hakuzijua. Angewaza nini? Mtu aliyeona makofi yangu, halafu akasikia ngurumo ile, angewaza nilifanya kusudi.

Miaka mingi baadaye mama mmoja muuza vitambaa, mzaliwa wa huku aliyefukuzwa pia, alirudi Kolwezi kwa biashara. Alisema anamfahamu yaya: anatengeneza madirisha. Habari za gitaa hakuwahi kumsikia akizitaja. Nilimwomba ampelekee neno: ageuze nyaya mbili za bobini iliyo karibu na shingo.

Akanitazama. "Tata, miaka yote hii, njo maneno uko nayo? Ya nyaya?"

Nikamwambia kuna mengine.

"Sema, basi. Mi niko na mudomo."

Nikaanza na uwanja, nikarudi kwenye viti, nikamweleza mkono wa kulia wangu na wa kulia wake, nikachanganya yote. Alinisikiliza huku akikunja vitambaa vyake. Mwishowe akauliza aanze na lipi.

Nikasema aanze na nyaya. Gitaa likiimba, labda atakubali kusikia la uwanja.