Mapigo Mawili ya Kimya

Mama alipofariki, mwalimu wa kwaya alinipa daftari la mama la solfa, zile noti za do-re-mi, akaniomba ninakili upya sauti ya pili kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Mama aliiimba miaka mingi katika kanisa letu la Ukunda, akija mazoezini moja kwa moja kutoka chumba cha kufulia cha hoteli kule Diani, mikono ikinuka sabuni.

Wimbo ni wa Mwitalia wa karne ya kumi na nane: mama anamlilia mwanawe msalabani. Mtunzi aliuandika akiwa mgonjwa wa kifua, akafa na miaka ishirini na sita. Umri wangu.

Siamini kitu nisichokikagua. Nilitafuta noti za asili mtandaoni, nikakuta kosa. Kwenye mstari wa nne, sauti ya pili inatakiwa inyamaze mapigo mawili. Mama alikuwa ameandika “la”, akaivuta, na kwaya nzima ikamfuata.

Nilikuwa nimesoma kwamba mtunzi huyo alipokufa, wachapishaji walibandika jina lake kwenye nyimbo za wengine ili ziuzike. Kumtwika maiti sauti isiyo yake niliona ni uongo. Nikaifuta ile “la”.

Mazoezini, kimya kile kilipofika, wanawake waliacha kuimba wakanitazama.

“We msomi, umemtoa mamako?” aliuliza mama mmoja aliyekuwa akikaa benchi moja na marehemu.

“Mtunzi hakuiandika, mama.”

“Na huyo mtunzi ushamuuliza?”

Wakacheka. Mimi sikucheka. Hakuna aliyewahi kumrekodi mama. Ile “la” ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Nililijua hilo, na bado sikuirudisha.

Ijumaa Kuu nilipiga kinanda. Mstari wa nne ukafika, wakanyamaza, na ile “la” ikasikika: nyembamba, imevutwa, ikikwaruza kidogo mwishoni kama mama alivyokuwa akifanya. Niliendelea kupiga. Nikatafuta sababu: bati la paa, spika, waya.

Baada ya ibada nilimfuata yule mama wa benchi mlangoni. “Nilikwishaifuta. Mbona mmeiimba?”

Alinishika bega. “Mwanangu, sisi tulinyamaza. Aliyeimba ni wewe.”

Nimejaribu kuiimba mara nyingi tangu siku ile. Sauti yangu haifiki pale.