Jogoo Niliyemchora Mimi

Kaka yangu hawezi kuchora hata duara. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akamhurumia huko mbele. Mpe kalamu achore yai, atakuchorea kiazi. Lakini kwa miaka minne Kariobangi nzima ilijua kwamba jogoo ni wake.

Jogoo alikuwa alama ya kibanda chetu cha simu, pale nyuma ya soko. Ukiwasha simu, kabla haijakuonyesha chochote, hukuletea kwanza nembo ya kampuni iliyoiunda, inazungukazunguka pale kama ndiyo mwenye mali. Watu wa huku hawapendi dharau hiyo. Mtu amenunua simu kwa jasho lake, anataka ikiamka imwamkie yeye. Basi walituletea tuziruti, yaani tuvunje ile kufuli ya kiwandani iliyo ndani ya simu ili ikubali kumtii mwenyewe, halafu tutoe nembo na kuweka anachotaka: picha ya pikipiki yake, uso wa mtoto wake, jina la kanisa. Tuliweka na sauti. Betri ikikaribia kuisha, simu ya kinyozi mmoja ilisema, "Buda, nakufa." Ya mama mmoja wa mboga, ukiichomeka chaja, ilimshukuru: "Asante, ubarikiwe." Na mwisho wa yote, simu ikiwa karibu kufunguka, alitokea jogoo mwekundu, akanyoosha shingo, akawika mara moja. Ukimsikia ndani ya matatu ulijua simu hiyo imepitia kwetu.

Kwetu! Ngoja nicheke kidogo. Kaka alikaa mbele dirishani, anaongea. Mimi nilikaa nyuma ya pazia la maua lililokuwa la mama, uso ukutani, nafanya kazi. Yule jogoo nilimchora kwa picha thelathini, moja baada ya nyingine, shingo ikipanda kidogo kidogo mpaka mdomo ufunguke. Sauti yake niliitoa kwa jogoo wa jirani wa mama. Nilichuchumaa kando ya choo cha ploti wanakopanga asubuhi tatu nikimngojea awike pasipo mtu kukohoa. Kisha mteja anawasha simu, anacheka kwa furaha, anamwambia kaka, "Wee jamaa una kipaji!" Na kaka anasema, "Ni Mungu tu."

Mungu alikuwa nyuma ya pazia, amekufa ganzi miguu.

Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Si uwaambie ni mimi? Hata mara moja tu." Sikutaka kiti chake cha mbele. Nilitaka mtu mmoja, yeyote, ajue kwamba kile kitu kizuri kimetoka mkononi mwangu. Akanijibu, "Siz, watu wakiona mwanamke hapo mbele watadhani tunasuka nywele." Siku nyingine nilipomshikilia sana alinitazama akasema kuku jike akiwika huchinjwa. Alilisema anakula chapati yangu. Maneno hayo sikuyasahau, na wala sijajaribu kuyasahau.

Wakati mmoja niliugua wiki nzima, naye akajaribu kazi mwenyewe. Sasa, zile picha za kuwaka hufungwa pamoja katika faili moja, na hiyo faili haitaki kubanwa, yaani kupunguzwa ukubwa. Kompyuta hubana usipoikataza, maana ndiyo desturi yake. Ukiibana, simu haiwezi kuisoma. Kioo kinakaa cheusi tii mpaka simu imalize kuwaka, na mwenye simu roho inamtoka. Kaka aliibana, bila shaka. Kondakta mwenye simu alipiga kelele mpaka wauza viatu wakatoka vibandani kuangalia. Kaka akamtuliza: "Pole sana, kuna msichana fulani nilimwachia ajifunze." Alinisimulia mwenyewe, tena anacheka. Msichana fulani! Tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo, tumekula sahani moja, leo mimi ni msichana fulani.

Kanuni yangu ilikuwa moja tu. Kabla hatujaigusa simu, mwenyewe aifungue mbele yetu kwa kidole chake. Asiyeweza kuifungua si yake, arudi alikotoka. Kaka aliijua kanuni hiyo, na dirishani ndiye aliyetakiwa kuifuata. Siku moja akanipitishia simu nzuri kupitia pembeni mwa pazia, ina ufa mdogo kwenye kona. Akasema mteja anataka kila kitu kifutwe, awekewe simba.

"Ameifungua?" nikauliza.

"Wewe chora."

"Nimekuuliza, ameifungua?"

"Aki unapenda maswali. Chora!"

Nikachora. Hilo ni kosa langu na silikatai. Nilichora simba akitoka majanini, nikaweka na jogoo mwishoni, nikairudisha. Kusema kweli nilimpenda yule simba.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nafanya kazi ya fundi wa sufuria, mzee mpole aliyekuwa na jiko la kufulia bati ng'ambo ya njia. Alitaka simu yake ikiamka ilie nyundo yake mwenyewe, si nyundo ya mtu mwingine. Basi niliweka simu yangu juu ya kibao karibu na mlango, nikabonyeza rekodi, nikampungia mkono aanze kugonga. Nikarudi nyuma ya pazia kusubiri.

Nyundo ilikoma ghafla. Nikasikia viatu vingi, kisha sauti ya mwanamke: "Ni hapa. Ni hawa wa jogoo."

Alikuwa mwalimu kutoka Buruburu, na simu ile yenye ufa ilikuwa yake. Aliporwa akishuka barabarani. Sasa alikuwa ameiona mikononi mwa mtu aliyeinunua bila kujua, akamletea askari, akaleta na kasha la simu lenye namba zake za kiwandani. Walipoiwasha, simba akatoka, na jogoo wangu akawika mbele ya kadamnasi. Askari walikuwa wawili. Nyuma yao walikuwa watu ambao hawakuporwa chochote ila walikuja na mawe, maana huku mwizi hangojewi mahakamani.

Askari mmoja akauliza, "Nani ametengeneza hii?"

Nilisikia kiti cha kaka kikisukumwa. Pazia likafunguliwa lote, la mama lile, likang'oka upande mmoja. Kaka akanyoosha kidole. Akasema kwa sauti ambayo hata wauza samaki waliisikia: "Afande, ni dada yangu! Picha zote ni yeye. Sauti zote ni yeye. Mimi hata sijui zinafanywa aje. Mchukueni!"

Nitasema ukweli, hata kama ni aibu. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Miaka minne nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na sasa yamesemwa, yote, mbele ya watu wote, na kwa mpangilio mzuri. Furaha hiyo ilidumu kama mtu anavyopiga chafya. Kisha nikayaona yale mawe, nikamwona kaka amerudi nyuma hatua mbili ili nafasi ya kunifikia iwe pana.

"Ndiyo," nikamwambia askari. "Ni mimi." Nisingekana kazi yangu sasa, eti kwa sababu imekuja na pingu.

Askari walinizunguka, ndiyo sababu niko hai. Kituoni nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, hakuna aliyenipa hata maji. Walimwuliza yule mnunuzi aliuziwa na nani, akawapeleka, wakamleta muuzaji, kijana mwenye kofia. Wakamwuliza, "Huyu mama ndiye aliyekusafishia simu?"

Akaniangalia juu hadi chini. "Huyu simjui. Mimi nilimpa jamaa wa dirishani, yule mwenye maneno mengi. Hakuniuliza kitu."

Ndivyo nilivyotoka. Pazia lililonificha miaka yote ndilo lililoniokoa, lakini sitalishukuru. Kaka aliitwa, akaandika maelezo, akafokewa mbele ya kila mtu, akaonywa. Mwalimu alipewa simu yake. Mlangoni alinisimamisha akaniuliza kama kweli simba nilimchora mimi, nikamwambia ndiyo, akasema basi mwache akae. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.

Nilipofika kwa mama nilikuta habari imenitangulia, imevaa nguo nyingine. "Mshukuru kakako," mama akasema. "Amekuombea kwa polisi mpaka sauti ikakauka. Amewaambia wamchukue yeye."

"Amewaambia nini?"

"Wamchukue yeye, wakuache wewe."

Ngai! Nilicheka mpaka mama akakasirika. Nilipomweleza ilivyokuwa, alitikisa kichwa. Kaka ndiye mkubwa, alisema, kaka hawezi kufanya hivyo, mimi nina hasira za tangu utotoni, na mambo ya nyumbani hayatandazwi nje. Nilimwomba aniamini. Sikumwomba kwa upole, nilipiga meza. Akasema, "Unaona? Hasira." Nikaondoka bila kunywa chai. Nilijua nimempoteza, kwa sababu kati ya neno langu na la kaka, mama amechagua la kaka tangu siku niliyozaliwa.

Kesho yake kibandani palikuwa na watu. Walikuwa wanamtafuta dada wa jogoo, si kaka. Si alikuwa ametangaza? Kipaza sauti cha kanisa kisingefanya kazi nzuri kuliko ile. Nilivuta kiti cha kaka nikakaa dirishani, na yeye alipokuja saa tano nilimwonyesha kiti cha nyuma kwa kidevu. Akakaa.

Fundi wa sufuria naye akaja kuulizia nyundo yake. Nikafungua simu yangu, niliyoikuta pale pale kibaoni nikaichaji, kumtafutia. Rekodi ilikuwa ndefu ajabu, maana hakuna aliyeizima hadi betri ilipoisha. Nyundo, nyundo, nyundo. Kimya. Viatu. "Ni hapa. Ni hawa wa jogoo." Niliweka simu sikioni nikamgeuzia mzee mgongo. Yote yalikuwamo, safi, hata mlio wa pazia kung'oka.

Mzee nilimkatia nyundo yake, akaenda akifurahi. Halafu nikakata kipande kingine, kifupi: "Ni dada yangu! Picha zote ni yeye. Sauti zote ni yeye." Nikamfuta jogoo kwenye kompyuta, picha zote thelathini, nikachora kuku jike anayeparua mchanga. Tangu siku hiyo kila simu inayotoka kwangu ikiwashwa, kuku anaparua na sauti ya kaka inatangaza. Sijui ni simu ngapi. Ziko Majengo, ziko Buruburu, mojawapo ni ya pasta. Kaka alipoisikia mara ya kwanza alinijia juu, "Umerekodi lini? Toa hiyo kitu!" Nikamwambia, "Kwani ni uongo?" Akarudi kwenye kiti cha nyuma.

Lakini kwa jinsi alivyo, baada ya wiki mbili alikuwa ameshaanza kujivunia. Alikuwa anawaambia watu, "Ile sauti ni yangu, mimi ndiye niliyemtambulisha." Akaniletea simu yake mwenyewe. Alimtaka jogoo wake arudi, mkubwa zaidi, mwenye taji, amwonyeshe mama Jumapili. Mtu ana uso wa bati, jamani.

"Hakuna shida," nikasema. Nilimchora jogoo mwenye taji, na nakwambia sijawahi kuchora mzuri kama yule. Faili sikuibana. Jumapili, tulipomaliza kula kwa mama, nilimpa simu ikiwa imezimwa.

"Iwashe mwenyewe," nikamwambia.

Akaisogeza karibu na mama, sauti juu kabisa. Jogoo akapanda polepole, taji likameta, mama akatabasamu akapiga makofi. Jogoo akafungua mdomo. Hakuwika. Ikatoka sauti ya kaka, yote, sikukata kitu: "Afande, ni dada yangu! Picha zote ni yeye. Sauti zote ni yeye. Mimi hata sijui zinafanywa aje. Mchukueni!"

Kaka akaidaka simu akaizima. Akaanza kusema kwamba nimeunganisha maneno, kwamba kompyuta siku hizi inaweza kufanya chochote. Mama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, na mikono yake bado ilikuwa imekutana kama ilivyokuwa inapiga makofi.

"Iwashe tena," mama akasema.

Kaka akaitia simu mfukoni.

"Nimesema iwashe tena."