Paka Mmoja na Mahubiri ya Baba

Enzi zetu kule Igamba, kabla bati halijapanda juu ya nyumba za watu wa kawaida, kila paa lilikuwa la nyasi, na kila paa la nyasi lilikuwa na ukoo wa panya uliokaa humo muda mrefu kuliko sisi wenyewe. Najua wazee watacheka kumsikia mwalimu aliyetoka chuoni juzi, ambaye bado anaogopa darasa likinyamaza ghafla, akisema "enzi zetu". Lakini wenzangu wa rika langu wananielewa. Watoto ninaowafundisha leo wakimwona panya wanapanda juu ya dawati. Sisi tuliwajua panya wetu kwa sura, na mmoja tulimwita Bwana Shamba kwa jinsi alivyokagua mahindi.

Mahindi ya mbegu yalining'inia kwenye fito juu ya mafiga, yamefungwa kwa maganda yake, yakipigwa na moshi hadi yakawa meusi kama buti. Nyumba iliyopoteza mbegu ilikwenda kuomba kwa jirani, na jirani alikupa, kisha akakusema kanisani. Kwa hiyo mwaka ule Bwana Shamba alipoanza kufikia mashuke ya chini, Baba alikwenda kwa dada yake aliyeishi Isansa kutafuta paka.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameshatoa sheria: nyumba moja, paka mmoja. Paka wawili, alisema, wanakaa kusimuliana habari, na panya wanapita katikati yao wakisalimia. Sheria ya pili ilikuwa ya mlangoni. Paka mgeni anaingizwa jikoni kinyumenyume, matako kwanza, ili asiijue njia ya kutokea, akae. Baba alifika amechoka, viatu mkononi, gunia begani, akaingia moja kwa moja na kumwaga paka karibu na mafiga.

"Umemwingizaje?" Bibi akauliza.

"Kwa mlango, mama. Dirisha hatuna."

Bibi akamrudisha yule paka nje, akamgeuza, akamwingiza upya. Alikuwa mtoto wa paka, wa kijivu, miguu yote minne myeupe kama mtu aliyevaa soksi. Mama akamtazama akasema huyu ni karani wa boma. Jina likabaki Karani, na tabia ikalifuata jina, maana kazi hakuiona kabisa. Alilia tu. Alianza asubuhi tulipochukua majembe, na tuliporudi kutoka kwenye mibuni tulimsikia kabla hatujaona nyumba. Bibi alimwingiza tena kinyumenyume, na tena, hadi yule mnyama akawa anageuka mwenyewe kila akifika kizingitini. Kilio hakikupungua.

Baba akatoa hukumu wakati wa chakula. "Mawingu ya kupandia yakija huku bado analia, anarudi Isansa."

Kwa wengine hiyo ilikuwa safari tu. Mimi nilikuwa nimefuatana na Baba, nikasikia alichosema shangazi alipomtoa: kwamba akirudishwa atamtia tena guniani, na safari hii gunia litakwenda mtoni. Shangazi hakuwa mtu wa kutania. Kuanzia siku hiyo nilitazama mawingu kama mgonjwa anavyomtazama mganga.

Nilijaribu kila kitu. Nilimsokotea mpira wa maganda ya mahindi, akaunusa, akaukalia. Nilifunga unyoya wa jogoo kwenye kamba ya mgomba nikaukimbiza uani. Nilikimbia mimi, yeye akatazama. Nilimlaza karibu na kuku aliyekuwa akiatamia, nikidhani joto la mama ni joto la mama, kuku akampiga kofi la bawa na Karani akalia kwa sauti mpya. Nikawaza labda nakosea lugha. Nilikuwa nikimbembeleza kwa Kiswahili cha shule ili aone yuko nyumba ya heshima, na yeye ametoka Isansa, anajua Kinyiha tu. Nikahamia Kinyiha. Akalia Kinyiha.

Mwisho nikaingia kwenye dini. Shuleni misheni tulikuwa tumefika kwa Nuhu, na pale ilikuwa wazi kabisa: wanyama wawili wawili. Sikupata usingizi nikifikiri kwamba nyumba yetu inatenda dhambi. Nikamwendea Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, nikamweleza kwamba hata Mungu hakuchukua paka mmoja.

Baba akafikiri. "Kwenye safina hakukuwa na mahindi ya mbegu," akasema, akaendelea kunoa jembe.

Lazima niseme habari za Baba na mahubiri yake. Zamu yake ya kuhubiri ilipofika, Jumamosi mchana alifanya mazoezi jikoni, kwa sauti kamili, mkono mmoja nyuma na kidole kimoja hewani. Alikuwa mtu mwema na mhubiri mbaya. Mama alikumbuka kuni. Bibi alikumbuka kwamba ni kiziwi. Hata mimi nilikumbuka kazi za shule. Jumamosi ile, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya upande wa Momba, nilikaa mlangoni peke yangu kumlinda Karani asije akakanyagwa.

Baba alikuwa akihubiri juu ya uvivu. Kidole kikapanda, kikashuka, kikazunguka kuonyesha mvivu anavyojigeuza kitandani. Karani akanyamaza. Akakitazama kile kidole, kichwa kikienda nacho kulia na kushoto. Kisha makalio yakaanza kutikisika, na mhubiri alipofika kwenye mdudu chungu na bidii yake, paka akaruka kutoka kwenye kinu akaning'inia kidoleni.

Nilijua amekwisha. Baba akamtazama, akamweka chini taratibu, akanyoosha kidole tena. Paka akaruka tena. Baba akarudia mahubiri yote tangu mwanzo, na katika miaka yangu yote sijaona msikilizaji aliyemfuata mhubiri vile, bila kupepesa, bila kupiga miayo. Walipomaliza, Karani alilala juu ya mguu wake kama aliyebatizwa.

Kesho yake jioni Baba alihubiri tena, ingawa zamu ilikuwa imepita. Na keshokutwa. Mama akaanza kusonga ugali kwa hasira.

"Baba Eliza, huyu paka ameokoka. Mwache apumzike."

"Bado ana mashaka," Baba akasema, kidole juu.

"Basi nirudishieni panya," Mama akasema.

Hakuna aliyetangaza msamaha. Mawingu yalipofika, nikauliza kama Karani anarudi Isansa. Baba akasema Isansa ni mbali, na yeye ana watu wa kuhudumia. Karani aliyechoka kwa kuruka aliacha kulia, akashiba, akalala, akaamka na nguvu ambazo hazikuwa na pa kwenda ila kwenye fito. Asubuhi moja Bwana Shamba alikutwa mbele ya mafiga, amenyooka. Tulipanda mbegu zetu wenyewe mwaka ule, na hatukusemwa na mtu.

Kanisani ndiko kulikoharibika kidogo. Baba alizoea kunyoosha kidole kisha kusubiri, na watu walidhani anasubiri Roho. Mama mmoja wa mbele alianza kulia machozi kila kidole kilipopanda. Mimi na Mama hatukuthubutu kutazamana.

Sasa naishi Tunduma, kwenye chumba cha mwalimu chenye bati na sakafu ya saruji, mahali ambapo panya akitaka mahindi inabidi abishe hodi. Nina mtoto wa paka, mmoja. Wanafunzi wangu, ambao wanadhani kila tatizo lina dawa dukani, wameniletea mpira wa raba kutoka ng'ambo ya mpaka, na wananishauri nichukue wa pili, kana kwamba upweke ni jembe lenye mpini wa akiba. Nikifunga mlango asubuhi, nyumbani hakuna bibi wa kumgeuza, hakuna mama wa kumkanyaga mkia kisha akamwomba radhi kwa kichwa cha dagaa, hakuna kuku wa kumpiga kofi. Ana maziwa, ana mkeka, ana dirisha. Nikirudi na madaftari kwapani namkuta amekaa palepale nilipomwacha, ananitazama kwa adabu.

Huyu halii hata kidogo, na hilo ndilo linaloninyima raha.